Je, Wajua? Mechi Isiyokuhusu

Je, wajua kwamba Machi 2024 Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ulipokea robo fainali mbili za Ligi ya Mabingwa Afrika ndani ya siku mbili zinazofuatana? Ijumaa tarehe 29 Simba ilicheza na Al Ahly ya Misri. Jumamosi tarehe 30 ikawa zamu ya Yanga na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Sasa tazama balaa la jezi. Al Ahly ni wekundu kama Simba, na Sundowns ni wa njano kama Yanga. Mwana Jangwani, yaani wa Yanga, aliyetaka kwenda Ijumaa kuwaombea dua Wamisri ilimpasa avae rangi ambayo kwake hata ndoo ya kuogea hainunuliwi, na mwana Msimbazi, yaani wa Simba, siku ya Jumamosi akajikuta kajitanda njano. Simba ikalala 1-0, Yanga ikatoka suluhu ya 0-0. Wiki iliyofuata wote wakaaga mashindano, Simba kwa kipigo cha 2-0 Cairo, Yanga kwa penalti Pretoria. Kucheka kukawa kugumu pande zote.

Je, wajua kwamba timu ya kigeni ikitua Dar es Salaam hukuta mashabiki wanaisubiri, tena wasiodai hata nauli? Yanga ilizaliwa 1935, Simba 1936, makao yao yako Kariakoo, mtu anatoka Jangwani hadi Msimbazi kwa miguu bila kutoa jasho. Ujirani huo ndio uliozaa utani wa jadi, na utani ndio unaomfanya mtu alipe kiingilio kwenda kuishangilia klabu ya Algeria ambayo majina ya wachezaji wake hawezi kuyatamka. Kila msimu viongozi huhubiri uzalendo: timu ikivuka mipaka ni ya Taifa. Mahubiri husikilizwa kwa adabu zote, kisha msikilizaji huyo anakwenda kuulizia jezi ya mgeni kwa machinga.

Je, wajua kwamba Juni 28, 2016 Yanga ilifuta viingilio kwenye mechi yake ya Kombe la Shirikisho dhidi ya TP Mazembe? Ukiondoa watu wa VIP, wengine wote waliingia bure. Nia ilikuwa njema: ujaze uwanja, mgeni atetemeke. Lakini ukifungua mlango bure humchagui anayeingia, na Mazembe wa Lubumbashi hawakuwa wageni hasa kwa Watanzania, maana Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walikuwa wameipa heshima jezi ile kwa miaka kadhaa. Mazembe wakashinda 1-0.

Je, wajua mtazamaji mgeni anavyogundulika jukwaani? Jezi anaweza kuazima, kofia pia. Kinachomuumbua ni nusu sekunde. Goli likiingia jukwaa zima linanyanyuka kwa pamoja. Yeye ananyanyuka akiwa amechelewa kidogo, mikono iko juu lakini uso bado haujapata taarifa. Halafu anapiga makofi kama mtu wa kwenye mahafali ya mtoto wa jirani. Aliye pembeni anamkata jicho. “Kaka, wewe Kolo nini?” Hapo unashukiwa kuwa mtu wa Simba; kama ni jukwaa la upande wa pili swali ni lilelile, neno moja tu linabadilika: Utopolo, yaani mtu wa Yanga. Jibu la salama ni kusema umetoka mkoani na umekuja kuuona uwanja. Watu wa Dar humsamehe mtu wa mkoani karibu kila kitu.

Na wenyeji wa mambo haya wanajua pa kukaa. Mzunguko ndiko kwenye ngoma, vuvuzela na bei ya mwananchi, na huko huwezi kujificha. Ukipanda kwenye VIP watu wamekaa na simu zao, wanashangilia kistaarabu, na anayenyamaza anadhaniwa ana cheo. Kadi ya N-Card unayogonga pale getini haiulizi unashabikia nani.

Je, wajua kwamba ipo pesa ya Ikulu iliyowahi kutolewa bila kujali rangi ya jezi? Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kununua kila goli la Simba na la Yanga kwenye mashindano ya Afrika kwa shilingi milioni 5. Watu wakaliita “Goli la Mama”. Mimi nadhani huyo ndiye mshabiki pekee nchini aliyelipia magoli ya timu zote mbili na kuaminika kote kuwili.

Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka huohuo. Mei 28, 2023 USM Alger wakashinda 2-1 kwa Mkapa; Juni 3 Yanga ikashinda 1-0 kulekule Algiers, kombe likaenda kwa Waarabu kwa kanuni ya goli la ugenini. Wenye kumbukumbu ndefu watakukumbusha 1993, Simba ilipotoka 0-0 na Stella ya Abidjan ugenini kwenye fainali ya Kombe la CAF, ikarudi nyumbani ikafungwa 2-0. Waliocheka 1993 walichekwa 2023. Waliocheka 2023 wakachekwa tena Mei 2025, RS Berkane ya Morocco ilipoifunga Simba 2-0 kwake na kuja kubanwa 1-1 Zanzibar. Fainali hiyo ilihamia Amaan kwa sababu Mkapa ulikuwa kwenye matengenezo, na Amaan una kama robo tu ya viti vya Mkapa. Kwa nafasi hiyo hata wenye timu walibanana, sembuse wadandiaji.

Je, wajua kwamba Nairobi watani huitwa mashemeji? Gor Mahia na AFC Leopards, Waluo na Waluhya, watu waliooana mno hata pambano lao likapewa jina la ukwe. Kijana aliyechumbia upande wa pili analazimika kukaa jukwaa moja na baba mkwe angalau mara moja. Hapo hakuna cha kusema umetoka mkoani.

Je, wajua kwamba Agosti 2025 Afrika Mashariki nzima iligeuka kuwa watazamaji wasio na timu? Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN kwa pamoja, na zote tatu zikatolewa robo fainali, kwa siku mbili tu. Tarehe 22 Kenya ilitolewa na Madagascar kwa penalti Kasarani, na usiku huohuo Morocco ikaifunga Tanzania 1-0 kwa Mkapa. Tarehe 23 Senegal ikaimaliza Uganda 1-0 Namboole. Mashindano yakabaki nasi, sisi hatukubaki nayo. Nusu fainali ya Madagascar na Sudan ikachezwa Dar es Salaam, ya Morocco na Senegal Kampala, na fainali Agosti 30 Nairobi, Morocco 3, Madagascar 2. Mtu aliyekaa Kasarani siku ile aliona magoli matano bila presha kupanda. Wangapi wetu tumewahi kuondoka uwanjani namna hiyo?

Lakini tusidanganyane. Mtu asiye na timu hubaki hivyo kwa dakika ishirini hivi. Baada ya hapo ama amemhurumia mdogo, ama amemchukia kipa anayejiangusha kupoteza muda, ama ameona winga mwenye miguu kama ya ndugu yake. Na kuna yule asiyehitaji hata dakika moja kwa sababu mkeka wake uko mfukoni: ameweka pesa kwamba timu zote zitafunga, kwa hiyo anashangilia goli la huyu na la yule, na katikati ananung’unika peke yake. Huyo simhesabu.

Je, wajua kwamba kuna mechi za Ligi Kuu ya Uingereza ambazo unaziona kwenye kibanda umiza cha Buguruni lakini mtu wa London haruhusiwi kuziona kwenye televisheni yake? Kwao, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni siku ya Jumamosi, hakuna kurusha mechi moja kwa moja. Mpango huo ulianza miaka ya 1960, na aliyeupigia debe zaidi alikuwa Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley. Hofu yake: mechi kubwa ikiwa sebuleni, nani atakwenda uwanjani kwa timu ndogo ya mtaani? Mpaka leo upo. Sisi huku mechi ya saa 9 ya Waingereza inatukuta saa 12 jioni wakati wao wako kwenye baridi, na saa 11 jioni wanaposogeza saa zao mbele. Benchi la mbao, jenereta nyuma ya ukuta, shilingi chache mlangoni, na mechi unayo.

Na ukichunguza kibanda umiza, nusu ya waliomo hawakuja kuiona timu yao. Arsenal ikicheza, wa Manchester United wamejaa mstari wa mbele. Wamelipa kiingilio kilekile. Wamefika mapema kuliko wenye timu, maana wanataka kuziona nyuso zao vizuri mambo yakiharibika.

Je, wajua kwamba Uingereza kuna watu wanaokusanya viwanja jinsi wengine wanavyokusanya stempu? Ligi Kuu ina klabu 20, madaraja matatu yanayofuata yana 24 kila moja: jumla 92. Tangu 1978 kuna chama cha waliotazama mechi kwenye viwanja vyote 92. Kazi haina mwisho, maana kila msimu klabu mbili hushuka nje ya idadi hiyo na mbili hupanda, na klabu nyingine huhama. Tottenham waliingia uwanja mpya Aprili 2019; Everton wakahamia bandarini Agosti 2025. Mtu aliyekuwa amefunga hesabu yake analazimika kupanda treni tena, na huenda hata Everton yenyewe haipendi.

Wana sheria zao na hawaelewani. Ukiondoka dakika ya 80 kuwahi basi, uwanja umehesabiwa? Mechi ya kirafiki inakubalika? Kuna wasioandika uwanja kitabuni mpaka wapate kijarida cha mechi kilichochapishwa, na kuna wanaoshuka kugusa mwamba wa goli kwanza. Wajerumani nao huhesabu na nchi: ukitazama mechi moja tu katika nchi mpya, umepata pointi ya nchi hiyo. Ndiyo maana usishangae kumwona Mzungu mmoja mwenye begi mgongoni kwenye mechi ya Jumatano ya daraja la chini ambayo hata wenyeji hawakuitangaza. Hakupotea njia.

Klabu ndogo za Uingereza zimeugeuza ugonjwa huu kuwa biashara. Ligi moja hupanga mechi zake za wikiendi kwa kupishanisha saa, ya kwanza asubuhi, ya pili mchana, ya tatu jioni, ili mabasi yawahamishe wakusanyaji kutoka kiwanja hadi kiwanja. Klabu iliyozoea watazamaji wachache inaamka na foleni kwenye dirisha la chai.

Je, wajua kwamba kuna siku maalumu ya kwenda kwenye mechi isiyo yako? James Doe, shabiki wa Queens Park Rangers, aliianzisha mwaka 2010. Huchaguliwa Jumamosi ambayo Ligi Kuu na daraja la pili zimesimama kupisha timu za taifa, na mashabiki wa klabu kubwa huombwa wakatumie pesa zao kwenye timu ya karibu na nyumbani, ile ya madaraja ya chini kabisa. Tukiichukua siku hiyo kwetu, wiki ya kalenda ya FIFA mtu wa Simba anayeishi Mbagala angekwenda kuiona timu ya daraja la tatu ya Mbagala. Watu wangapi wanajua hata jina lake?

Je, wajua kwamba kwenye Ligi Kuu ya Uingereza tiketi ya shabiki mgeni haizidi pauni 30? Bei hiyo iliwekewa kikomo msimu wa 2016/17. Klabu ngeni hupewa hadi tiketi 3,000 au asilimia 10 ya uwanja, kutegemea ipi ni ndogo. Lakini hizo ni za wenye timu. Wewe usiye na timu utakaa na wenyeji, na ukikutwa na jezi ya wageni kwenye jukwaa la wenyeji, wasimamizi wana haki ya kukutoa hata kama hukufungua mdomo. Fulham peke yao ndio waliojulikana kwa miaka mingi kuwa na sehemu ya wasio na upande, pale mwisho wa uwanja wa kuelekea Putney. Wengine walikaa hapo kwa sababu kweli hawakuwa na timu. Wengi kwa sababu walikosa tiketi kwingine.

Nje ya uwanja utauziwa skafu ya nusu kwa nusu, huku timu hii, huku ile. Mashabiki wakongwe wa Uingereza wanaichukia kuliko wanavyomchukia mpinzani. Mimi siwalaumu.

Je, wajua kwamba Dortmund kuna jukwaa moja linalosimamisha karibu watu 25,000? Ndilo kubwa la aina yake Ulaya, na Waingereza huvuka bahari kwenda kulipanda kwa sababu kwao Ligi Kuu watu waliambiwa wakae chini miaka ya 1990 na bei zikapanda. Tena kwa klabu nyingi za Ujerumani tiketi ya mechi ndiyo nauli: unapanda nayo treni na basi siku hiyo bila kulipa tena. Yule kondakta wa daladala ya Mbagala aisome sentensi hiyo mara mbili.

Na kuna viwanja vinavyostahili safari bila kujali nani anacheza. Čierny Balog, Slovakia: reli nyembamba inapita kati ya jukwaa na uwanja, na treni ya mvuke hupita mechi ikiendelea, watazamaji wakimezwa na moshi. Gspon, Uswisi: uwanja uko kwenye mlima karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mchezaji anafika kwa gari la kamba, na mpira ukivuka wavu umeshuka bondeni. Henningsvær, Norway: kisiwa cha wavuvi, hakuna jukwaa, pembeni kuna chanja za kukaushia samaki aina ya chewa. Mtu wa Mafia au wa Kirumba angejisikia nyumbani, isipokuwa baridi.

Je, wajua kuhusu ukuta na kelele? Hii naomba nikae nayo kidogo. Berlin ilipogawanywa kwa ukuta Agosti 1961, klabu ya Hertha ilibaki Magharibi na uwanja wake wa zamani, pale Gesundbrunnen, ulikuwa karibu sana na mpaka. Mashabiki wake wa Mashariki wakafungiwa upande wa pili. Siku za mechi walikuwa wanakwenda kusimama karibu na ukuta kusikiliza kelele za uwanjani. Kelele zikilipuka wanajua goli. La nani, wanapima kwa jinsi kelele zilivyo. Hertha ilipohamia Uwanja wa Olimpiki mwaka 1963, hata hizo kelele zikaondoka.

Miaka ikapita, ukazaliwa urafiki na klabu ya Mashariki, Union. Watu wa Hertha wenye vibali vya kuvuka walikwenda kutazama Union, timu ambayo haikuwa yao, na wale wa Union walipopata nafasi ya kusafiri ndani ya nchi za Kikomunisti walikwenda kuiona Hertha. Hertha ilipopangwa na Dukla Prague kwenye Kombe la UEFA mwaka 1979, Waberlin wa Mashariki walifunga safari hadi Prague, maana huko pasi zao zilikubalika. Polisi wa siri walikuwa wakiwaandika majina. Ukuta ukafunguliwa Novemba 1989, na Januari 27, 1990 klabu hizo mbili zikacheza mechi ya kirafiki mbele ya zaidi ya watu 50,000. Hertha ilishinda 2-1, na majukwaa yote yaliimbiana kirafiki.

Leo wako ligi za taifa moja, wameshakutana Bundesliga, na hawapendani hata kidogo. Ukuta ulipoondoka, kila mtu alirudi kwenye timu yake.

Je, wajua kwamba Mei 2, 2010 mashabiki wa Lazio walikwenda uwanjani kwao wakiiombea timu yao wenyewe ifungwe? Inter ya Jose Mourinho ilikuwa inagombea ubingwa na Roma, na Roma ndio watani wa Lazio. Ushindi wa Lazio ungemnufaisha mtani. Basi Inter ilipofunga, jukwaa la wenyeji likatoa bango la kejeli lenye mshangao mmoja mrefu: “Oh nooo”. Inter ikashinda 2-0, mwisho wa msimu ikawa bingwa kwa pointi mbili mbele ya Roma. Huko sasa ni kuwa mgeni kwenye mechi yako mwenyewe.

Wasomaji wa Arsenal mnajua wapi hii inaelekea. Mei 14, 2024 Tottenham iliikaribisha Manchester City, na sare au ushindi wa Tottenham ungewaachia Arsenal usukani wa ligi. City ikashinda 2-0. Baadhi ya mashabiki wa Tottenham waligeuza migongo uwanjani, wakashikana mabega na kurukaruka, mtindo ambao City wenyewe waliuiga kwa Wapoland wa Lech Poznań mwaka 2010. City ikachukua ubingwa kwa pointi 91, Arsenal 89. Mtani wa Kariakoo akiisikia hadithi hiyo anauliza tu kwa nini hawakuchinja mbuzi.

Je, wajua kwamba wenyeji wanaweza kuuza uwanja wao bila kujua? Aprili 14, 2022 Barcelona ilikutana na Eintracht Frankfurt robo fainali ya Ligi ya Europa. Wajerumani walipewa tiketi kama 5,000. Walioingia Camp Nou walikadiriwa kufika 30,000, kwa sababu wenye kadi za msimu na wafanyabiashara waliuza nafasi kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Frankfurt walikuwa weupe mpaka majukwaa ya katikati. Wakashinda 3-2, na mwezi uliofuata wakalibeba kombe. Rais wa Barcelona, Joan Laporta, alisema aliona aibu.

Argentina walifanya kinyume. Mwaka 2013, baada ya shabiki wa Lanús kuuawa mjini La Plata, mashabiki wageni walipigwa marufuku kwenye ligi. Klabu nyingine zikafungua jukwaa la “wasio na upande”. Kila mtu alijua ni akina nani, na wao walijua sharti: nyamaza. Jaribu kumwambia mwana wa Boca anyamaze dakika 90.

Je, wajua kwamba Novemba 30, 2016 uwanja mmoja wa Medellín, Colombia, ulijaa kwa mechi ambayo haikuchezwa? Atlético Nacional walikuwa wacheze fainali na Chapecoense ya Brazil. Siku mbili kabla, ndege ya Wabrazili ilianguka ikikaribia kutua, watu 71 wakafa. Saa ileile ya mechi, watu wa Medellín wakavaa nyeupe, wakashika mishumaa na maua, wakakaa kwenye viti vyao mbele ya nyasi tupu, na maelfu wengine wakabaki nje kwa kukosa nafasi. Klabu yao iliomba kombe wapewe Chapecoense, na wakapewa.

Milan walifanya lao Aprili 19, 1989. Ilikuwa siku nne baada ya msongamano wa Hillsborough, mkasa uliowaua mashabiki 97 wa Liverpool. Milan ilikuwa inacheza nusu fainali na Real Madrid, hakuna Mwingereza aliyehusika. Mapema kwenye mechi mpira ukasimama kwa ajili ya ukimya, na jukwaa la San Siro likaimba wimbo wa Liverpool. Milan ilishinda 5-0, lakini waliokuwapo huanza kusimulia na ule wimbo.

Je, wajua nani aliokota taka baada ya mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia 2022? Qatar ilicheza na Ecuador kwenye Uwanja wa Al Bayt. Mashabiki wa Japani waliokuwa pale kwa kutazama tu walibaki na mifuko wakisafisha safu za watu wengine. Siku tano baadaye kwenye uwanja huohuo, kabla ya Uingereza na Marekani kucheza, kijana wa Kenya Abubakr Abbas alipewa kipaza sauti mbele ya umati mzima. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu karibu na Souq Waqif, Doha, akiwaelekeza watu njia ya metro kwa sauti ya kuimba hadi dunia nzima ikaishika. Kenya haikuwa kwenye mashindano. Mkenya alikuwepo.

Je, wajua kwamba hesabu ya AFCON inatuhusu? Mashindano ya 2027 wamepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa timu 24 zinapigwa mechi 36 za makundi. Kila mwenyeji ana mechi tatu. Wakikaa makundi tofauti, jumla ni tisa. Zinabaki mechi 27 ambazo hazina Harambee Stars, Taifa Stars wala Cranes, na nyingine zitaangukia siku ya kazi, saa ambazo bosi yuko ofisini. Anayetaka kiti kizuri kwa bei ya chini aziangalie hizo kwanza, na machinga wa Chang’ombe waanze mapema kuulizia jezi za Cape Verde.